Mji unakula mashamba yetu huku nyuma ya Kisesa, tupange ardhi kabla haijaisha (uzi mrefu, naomba uzoefu wenu)

#1 Mtoto wa Luseni (mleta uzi)

Wakuu mwadila. Uzi huu ni mrefu naomba mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Magu, kijiji chetu kipo nyuma ya Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ukiacha lami unakula vumbi kama dakika ishirini kwa bodaboda. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kumpeleka mama kliniki nikakaa wiki mbili, sijawahi kukaa wiki mbili nyumbani tangu nimalize form four, na nilichokiona kimeninyima usingizi.

Babu yangu alikuwa na heka thelathini hivi. Juu kabisa luseni, ule mchanga wa mihogo, karanga na viazi, katikati ibambasi, ule udongo mgumu, chini mbuga nyeusi ya mpunga na dengu. Wasukuma mnaelewa, wazee walikuwa hawajengi popote tu, nyumba inakaa juu pakavu, ng'ombe wana njia yao pembeni, jembe linashuka chini. Babu akawa na watoto wa kiume watano, kila mmoja akapata heka sita. Baba yangu akazaa saba. Sita gawa kwa saba ni chini ya heka moja kwa kichwa, na kaka yangu mkubwa tayari ana wanne, sasa hao wanne niambieni watagawana nini, watagawana hatua za miguu?

Na sio kwetu tu. Sensa ya 2012 mkoa wa Mwanza tulikuwa 2,772,509, sensa ya 2022 tukawa 3,699,872, yaani miaka kumi tumeongezeka zaidi ya laki tisa. Kasi ni asilimia 2.9 kwa mwaka, tukienda hivi hivi miaka kama 24 tunakuwa mara mbili. Na mkoa huu zaidi ya nusu ya eneo lake ni maji, kwa hiyo kipande cha nchi kavu kilichobaki ndio tunachogombania wote, mkulima, mfugaji, mjenzi na mchoma tofali.

Sasa kilichonikaa moyoni. Siku ya tatu mama akanipeleka kwenye majaruba. Jaruba la juu tuta limekatika, pengo trekta linapita bila kugusa, na mchanga mweupe umeingia umefunika mpunga mpaka miche inaonekana vincha tu. Mama akainama akachota ule mchanga kwa kiganja akasema "huu sio wa kwetu, huu umetoka kule juu kwenye zile nyumba mpya". Anaujua mchanga kwa rangi. Nikapanda nikaenda kuangalia, kweli, pale juu palipokuwa na mihogo ya baba mdogo sasa hivi kuna nyumba kumi na kitu za mabati, na ile njia ya mtaa ilichongwa na greda ikashushwa moja kwa moja kwenye mteremko, hakuna mtaro hakuna kalvati, mvua ikinyesha maji yote ya mabati yanakusanyika kwenye hiyo njia yanashuka na mchanga wake mpaka kwa mama. Zamani mvua ile ile ilikuwa inazama kwenye mihogo huko huko juu.

Na wengine wameuziwa chini mbugani kabisa kwa sababu ni bei chee. Kuna jamaa kajenga vyumba vinne na sebule, kamwaga moramu lori sijui ngapi, kiangazi cha kwanza tu ukuta umepasuka ufa unaingia mkono. Udongo wa mbuga ukilowa unavimba ukikauka unasinyaa, kila mtoto wa huku anajua maana anaona ardhi inavyopasuka mwezi wa nane. Masika shimo lake la choo linajaa maji mpaka juu, na hayo maji ndio yanaelekea kwenye mpunga wa watu.

Sisemi mji usije, watu wanazaliwa na wanahitaji pa kulala. Kinachoniuma kila mtu anauza kipande chake kwa siku yake na kwa shida yake, 20 kwa 20, hakuna aliyeacha njia, hakuna eneo la shule, hakuna makaburi, hakuna pa kupitisha ng'ombe. Miaka mitano ijayo watakuja kutuambia makazi holela, watupige X nyekundu, na kosa litakuwa letu.

Nauliza kwa dhati kabisa, kuna kijiji chochote ukanda huu wa ziwa kilichokaa kikapanga ardhi yake kabla mji haujafika? Mlianzia wapi?

#2 bodaboda Usagara

Umeongea ukweli mtupu mkuu. Usagara ni hivyo hivyo. Nafuatilia.

#3 Mnyantuzu

Mleta uzi umeandika vizuri ila umekwepa jambo lenyewe. Umesema babu watano, baba saba, kaka wanne na bado anaendelea. Ardhi haijapungua hata inchi moja, watu ndio wameongezeka. Ule utafiti wa afya wa 2022 ulionesha mwanamke wa kijijini Tanzania anazaa wastani wa watoto 5.5, wa mjini 3.6, nchi nzima 4.8. Mwaka 1991/92 ilikuwa 6.2, kwa hiyo tunashuka lakini taratibu mno. Upange ardhi usipange, kama kila nyumba ina watoto sita hiyo mipango itamezwa. Uzazi wa mpango kwanza, viwanja baadae.

#4 Mama Wawili

Mnyantuzu kaka yangu, naomba nikujibu kama mwanamke wa Misungwi maana naona mnatuhesabu tu.

Mimi nina wawili na sio kwamba sikutaka kuongeza, niliamua. Nilikuwa natembea saa moja na nusu kwenda zahanati kwa ajili ya sindano, nafika naambiwa zimeisha rudi wiki ijayo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na palizi inamsubiri harudi wiki ijayo, anarudi mimba ikiwa imeingia. Hilo moja.

La pili ndilo hamlisemi kabisa wanaume. Wengi wetu tunazaa mpaka apatikane wa kiume, na akipatikana mmoja tunatafuta wa pili, kwa sababu shamba halipiti kwa binti. Mume akifa na una mabinti watupu shemeji zako wanakuja kupima shamba kwa miguu kabla matanga hayajaisha, nimeshuhudia kwa macho yangu kwa dada yangu, walikuwa wanahesabu hatua nje na sisi tuko ndani tunalia. Mkitaka watu wazae wachache mpeni binti haki kwenye ardhi, kwa sababu hapo mtoto wa kike ataacha kuwa mtoto nusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeshasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, iko kifungu cha 20, ila nani alikuja kutusomea?

Kwa hiyo mleta uzi hujakwepa jambo, ardhi na uzazi ni kitu kimoja.

#5 Mnyantuzu

Dada nimekuelewa, sikuwahi kuliangalia hivyo. Ya mabinti nakubali mia kwa mia. Kwetu tuko wavulana watatu na dada wanne, na kweli dada hawakupata kitu, na mimi nimo kwenye waliogawana. Hili nitalirudisha kwenye kikao cha ukoo.

#6 Trekta la Usangu

Wazee wetu dawa yao ya ardhi kuisha ilikuwa moja tu, kuhama. Wakoloni baada ya vita kuu ya pili walikuja na mpango wao wa maendeleo ya Usukuma, wakasema watu na ng'ombe wamezidi, wakawa wanasukuma watu kuelekea Geita. Geita ikajaa. Baba yangu akaswaga ng'ombe mpaka Rukwa, akatoka huko akaja Usangu, lile bonde la Mbeya. Mimi nimezaliwa njiani, sio utani. 2006 kuingia 2007 tukatolewa Usangu, wengine wakaelekea Kilombero na kusini huko Lindi, ng'ombe walikufa njiani siwezi hata kuelezea. Na kila tulipofika tulikuta watu wenye ardhi yao, tukagombana nao, sasa hivi neno Msukuma sehemu nyingine linatamkwa kama kesi.

Kuhama kumeisha jamani. Hakuna tena pori linalosubiri mtu. Mlio nyumbani pangeni hapo hapo mlipo.

#7 Dalali wa Haki

Nimesoma nimeona niingie maana mimi ndiye mnayemsema bila kumtaja.

Nauza viwanja maeneo ya Kisesa, Fela mpaka Usagara. Ujenzi wa reli ya SGR Mwanza–Isaka ulipozinduliwa pale Fela 2021 simu hazikuzimika, na daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 ndio kabisa, watu wa Geita na Sengerema wanaona wakijenga upande huu wako mjini. Wateja wapo na wataendelea kuwepo, msijidanganye kwamba mtawazuia.

Lakini nani ananipigia kuuza? Ananipigia mzee saa tatu usiku, mjukuu amelazwa, anataka laki nane kesho asubuhi. Anauza 20 kwa 20 kwa hiyo laki nane, na mimi nikiwa hapo naona kabisa kwamba shamba hilo hilo likipimwa na kuwekewa bikoni na njia, kipande kile kile kinaenda mara tatu yake. Nimewaambia wengi, "mzee subiri wenzako watano mpime pamoja", anasema mjukuu hasubiri. Hapo mimi nifanyeje. Kama kijiji kingekuwa na mpango tayari, hata mimi ningeuza kilichopimwa, nisingekuwa napigwa mawe na watu waliouziwa mara mbili. Hukohuko mbugani nimeacha kuuza, nilimuuzia mwalimu mmoja miaka ya nyuma nyumba ikapasuka, na nikipita pale bado napunguza mwendo naangalia chini.

#8 Mtoto wa Luseni

Dalali asante kwa kuwa muwazi, sikutegemea. Hiyo ya wakulima watano kupima pamoja nimeiandika pembeni.

#9 Mawe ya Mpaka

Nimefanya kazi ya ardhi wilayani zaidi ya miaka ishirini, sasa nimestaafu, niwape utaratibu ulivyo maana wengi wanaongelea mambo ya mjini wakati wao bado ni kijiji kisheria.

Kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, halafu Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Ukiwa bado kijiji, mwenye usimamizi wa ardhi ni Halmashauri ya Kijiji, na mwenye kauli ya mwisho ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, sio mwenyekiti na mhuri wake nyumbani. Kwanza mpaka wa kijiji unapimwa na majirani wanakubaliana, kijiji kinapata cheti cha ardhi ya kijiji. Halafu mnaandika barua halmashauri ya wilaya, inakuja timu, mtu wa ardhi, wa kilimo, wa mifugo, wa misitu, wa maendeleo ya jamii, na nyie mnachagua kamati yenu wanawake wakiwemo. Mnatembea kijiji kizima, mnakitembea kweli kwa miguu, mnachora hapa makazi, hapa mpunga, hapa malisho, hapa mapito ya ng'ombe, hapa chemchemi haiguswi, hapa akiba ya vizazi vijavyo. Sheria yenyewe inataka ardhi ya akiba itengwe, na hicho ndicho kitu cha kwanza wanakijiji wanakataa, wanasema akiba ya nini wakati sisi hatuna. Pambaneni hapo. Ile akiba ndiyo watoto wa huyo kaka yako watakayoijengea.

Mkishapitisha kwenye mkutano mkuu mnatunga sheria ndogo, zinaenda wilayani kuidhinishwa, hapo ndipo mpango unakuwa na meno. Baada ya hapo kila kaya inaweza kupata hatimiliki ya kimila, na hakikisheni inaandikwa majina ya mume na mke wote wawili. Mama Wawili shikilia hapo hapo, usikubali hati yenye jina moja.

Changamoto ni mbili. Hela, maana timu inahitaji mafuta na posho, vijiji vingi vinasubiri mradi miaka na miaka. Na muda. Kijiji cha pembeni ya mji kikishatangazwa kuwa eneo la mipango miji, utaratibu unabadilika, mnaingia kwenye michoro ya mipango miji na gharama zake. Mimi nimeona vijiji viwili vilivyochelewa, tulikuja kupima tukakuta hakuna hata pa kuweka barabara ya mita sita, tukaishia kurasimisha vichochoro. Kazi ya namna hiyo inauma, unapima huku unajua gari la zimamoto halitapita hapo kamwe.

Jambo jingine dogo lakini la muhimu. Mkichora makazi, msiwapeleke watu mbugani kwa sababu ni tambarare na rahisi kupima. Pandisheni makazi kwenye luseni, viwanja viwe vidogo, watu wakae karibu karibu, na njia zifuate mlima kwa ubavu, zisishuke wima. Hilo la njia kushuka wima ndilo lililomharibia mama yako mpunga.

#10 mvuvi wa Igombe

Na huku ziwani msitusahau. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hakuna shughuli ya kudumu, watu walikuwa wanaona ni uonevu. 2020 ziwa likajaa, lile jazo lililopita hata lile la 1964, nyumba za watu zikawa majini wakati mvua imeshakatika. Ndio tukaelewa hizo mita 60 ni za nini. Lakini watu wamesharudi kujenga pale pale, kwa sababu huku nyuma kumejaa.

#11 Ngitili

Shinyanga hapa. Wakati mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) unaanza 1986 kwetu ilikuwa jangwa, ng'ombe wanakula magunzi. Waliturudishia kitu chetu wenyewe, ngitili, unafungia kipande cha malisho msimu wa mvua, kinaota majani na miti inachipua yenyewe kwenye visiki, kiangazi ndio unafungulia. Kaya ina ngitili yake, kijiji kina ya kwake. Haikuhitaji mbegu ya kununua wala uzio, ilihitaji makubaliano na mgambo wa jadi wa kusimamia faini. Magu mnaweza, hata heka mbili mbili za pamoja kwenye vilima vya mawe ambavyo havijengeki. Na kuni mtapata, maana hizo tofali za kuchoma mnazoziona zinamaliza miti kuliko ng'ombe.

#12 Mkara

Nimesubiri niseme mwisho maana sisi Ukara tulifika hapo mnapofika nyie zamani sana. Kisiwa kidogo, watu wengi, hakuna pa kuhamia isipokuwa upande mtumbwi.

Bibi yangu hakuwa na heka mbili na hakuwahi kuacha ardhi ipumzike hata mwaka mmoja, na ilizaa. Ng'ombe wake walikaa ndani ya nyumba, kwenye shimo, hawazururi, majani wanakatiwa wanaletewa. Samadi ikijaa tunaizoa tunabeba kichwani mpaka shambani, nilibeba tangu nikiwa darasa la pili na ile harufu nikiisikia popote nakumbuka nyumbani. Uwele ukishasimama, katikati yake unapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde. Uwele unavunwa, marejea yanabaki yanakua na unyevu uliobaki, halafu yanafukiwa ardhini, ndiyo mbolea. Majani ya ng'ombe tulikuwa tunayapanda kwenye mashimo yaliyochimbwa karibu na ziwa ambako unyevu haukatiki. Kila mti una mwenyewe, hata uliosimama peke yake njiani. Mabwana kilimo wa kikoloni walikuja miaka ya 1930 wakashangaa wakaandika.

Lakini niwe mkweli, hiyo yote ni kazi ya mgongo, toka alfajiri mpaka giza, na hata hivyo kila kizazi kimetoa watu kwenda bara kwa sababu haikutosha. Kijana wa leo ukimwambia abebe samadi kichwani anapanda boti anakuja Mwanza kuendesha bodaboda, simlaumu. Ninachosema, heka moja sio kifo. Heka moja yenye ng'ombe wawili wa ndani, marejea, na maji yaliyozuiwa juu inalisha kuliko heka tano za kuchoma moto kila mwaka. Mbegu ya marejea ipo, mleta uzi nitumie ujumbe nikuelekeze.

#13 Mama Wawili

Mkara hapo kwenye kubeba samadi kichwani sema wazi, walibeba wanawake na watoto. Tukirudisha huo utaratibu turudishe na toroli.

#14 Mkara

Kweli dada. Toroli na punda.

#15 Mtoto wa Luseni

Wabeja sana wote, nimesoma kila mchango zaidi ya mara moja na nimemsomea mama kwa simu, ule wa Mkara ameomba nirudie.

Mrejesho. Wiki iliyopita nilisafiri tena nikakaa na mwenyekiti na wazee wawili. Mwanzoni waliona nataka kuwazuia watu kuuza, wakakunja uso. Nikawaeleza ile ya kupima pamoja, kwamba anayeuza atauza kwa bei nzuri zaidi, ndipo wakaanza kusikiliza. Mzee mmoja akakumbusha watu wa NIMR, wale watafiti wa magonjwa ya binadamu, walivyoanza kupita nyumba kwa nyumba pale Kisesa 1994 wakiuliza nani kazaliwa nani kahamia, akasema "wale walituhesabu sisi, hakuna aliyehesabu mashamba". Ajenda ya mpango wa matumizi ya ardhi imewekwa kwenye mkutano mkuu ujao, na barua ya wilayani nimeiandika mimi, mwenyekiti amesaini, nakala ninayo.

Nyumbani tumeanza na letu. Tumekaa ndugu saba, dada zangu watatu wakiwemo, tumekubaliana zile heka sita hazigawanywi vipande saba. Juu tunatenga nusu heka ya nyumba, tutajenga karibu karibu, mbuga inabaki moja, inalimwa pamoja na mpunga unagawanywa kwa magunia. Kaka mkubwa aligoma siku nzima, jioni akakubali kwa sharti kwamba hati iandikwe majina yote. Dada yangu mdogo alinyamaza muda mrefu halafu akauliza na lake litaandikwa? Tukamwambia ndiyo. Akatoka nje.

Mkutano ni baada ya mavuno. Mama amesema atasimama yeye mwenyewe kuwapeleka watu kwenye lile tuta lililokatika, wauone mchanga.